Chimbua Kwanza: Mwongozo wa Bakteria wa Udongo kwa Mkulima wa Rubavu

Kabla hujanunua urea ya msimu huu, shika jembe uende kwenye maharagwe yako siku yanapoanza kutoa maua. Chagua shina lenye afya, chimba kulizunguka kwa umbali wa kiganja kimoja, ushuke hadi jembe lizame lote. Usiling'oe. Ukiling'oa, unachokitafuta kitabaki ardhini. Inua donge zima la udongo, lizamishe kwenye ndoo ya maji na uliache lilainike lenyewe, kisha suuza taratibu. Mizizi ikishakuwa safi utaona vidonge vidogo vimeng'ang'ania ubavuni mwake, vingine sawa na kichwa cha pini, vingine vinakaribia punje ya mtama. Hivyo ni vinundu, na wakazi wake ni bakteria wanaoitwa rizobia.

Wapo wanaoviona wakashtuka: "Mama, shamba limeingiwa na ugonjwa!" Hofu hiyo ina msingi, maana minyoo fundo nao huacha uvimbe kwenye mizizi. Tofauti unaipata kwa kidole. Kinundu kimeshikiliwa ubavuni tu. Ukikisugua kinabanduka na mzizi unabaki mzima. Uvimbe wa minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliovimba, huwezi kuuondoa bila kuukata mzizi.

Sasa kipasue kinundu katikati kwa wembe, hata kwa ukucha. Rangi ya ndani ndiyo habari yote. Ukikuta waridi au wekundu wa nyama, bakteria wako kazini: rangi hiyo inatoka kwenye protini inayobeba oksijeni, ndugu wa ile iliyomo kwenye damu yetu, na kazi yake ni kuwapa bakteria hewa kwa kipimo, kwa sababu oksijeni ikizidi mtambo wao unaharibika. Ukikuta weupe, ama kinundu bado kichanga ama wapangaji hawa wanakula bila kulipa kodi. Ukijani au kahawia ni dalili kwamba wamemaliza muda wao, jambo la kawaida maganda yakishaanza kujaa. Rudia kwa mashina matano hadi kumi, katikati ya shamba, pembezoni, mwinuko na bondeni, kwa sababu shina moja linaweza kukudanganya.

Ukipata vinundu vingi vyenye wekundu karibu kila shina, umeshajiokolea gharama ya urea ya maharagwe. Huna haja ya kuendelea na sehemu ya kununua chanjo, yaani bakteria wa paketi. Ruka hadi chini, kwenye chakula cha bakteria na namna ya kuvuna. Ukipata vichache, au vyeupe vitupu, soma yote.

Jiwe lenye kila kitu isipokuwa kimoja

Mkulima wa upande huu wa Grande Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Kongo, ana bahati yenye mtego ndani yake. Udongo wake ni mtoto wa volkano. Nyiragongo, iliyotapika Januari 1977, Januari 2002 na Mei 2021, hutoa jiwe lenye potasiamu, kalsiamu na fosforasi kwa wingi. Jiwe hilo likisagika kwa mvua na miaka, unapata udongo mweusi mwepesi unaozaa viazi, karoti, kabichi na vitunguu ambavyo kila asubuhi huvushwa kwa miguu kupitia kivuko kingine, Petite Barrière, kwenda kulisha Goma, ng'ambo ya mpaka. Kitu kimoja jiwe hilo halikuja nacho kwa kiasi cha kumlisha mtu ni naitrojeni, nayo ndiyo inayofanya jani kuwa kijani na punje kuwa na protini.

Naitrojeni ipo, tena juu ya kichwa chako. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Juu ya kila hekta ya Rubavu yamening'inia makumi ya maelfu ya tani zake. Ila kule hewani atomi zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu ambayo mmea hauwezi kuifungua. Kiwanda cha urea huifungua kwa joto la zaidi ya nyuzi 400 na mgandamizo mkubwa, kikichoma gesi asilia. Ndiyo maana vita vya Ukraine vilivyopamba moto mwaka 2022 vilipandisha bei ya mfuko wa mbolea hadi kwenye maduka ya Gisenyi. Bakteria hufanya kazi ileile kwa joto la kawaida la udongo, na malipo yao ni sukari.

Ukitaka kuiona kazi hiyo bila mkono wa mkulima, tazama lava ya zamani ambayo haijavunjwa kwa ajili ya ujenzi, upande wa Goma, siku ambazo mpaka na usalama vinaruhusu. Juu ya jiwe tupu kumeota kitu cha kijivu chenye manyoya mafupi, kikavu ukikigusa. Ni kuvumwani, jamii ya Stereocaulon, na ndani ya mwili wake amehifadhi bakteria wa kijani-buluu wanaokamata naitrojeni ya hewani. Yeye huanza, ndipo mimea mingine hupata pa kushika. Pwani ya Kenya kuna kisa kinachofanana, safari hii kwa mkono wa binadamu: kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, karibu na Mombasa, René Haller alianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupanda mivinje juu ya mwamba wa matumbawe uliochimbwa hadi ukawa uchi. Mivinje ilishika kwa sababu mizizi yake ina bakteria wake, wanaoitwa frankia. Leo pale ni msitu.

Ndugu wa frankia hao unao jirani. Mti wa alnus, ulioletwa kutoka milima ya Amerika na kuenea sana katika nyanda za juu za Rubavu, Nyabihu na Musanze, una vinundu vikubwa kwenye mizizi, vimefungamana mithili ya kifundo cha ngumi. Wakulima wengi wanaupenda kwa sababu ya kuni na miti ya kuegemezea maharagwe. Majani yake yanayoanguka ni mbolea ambayo hawakuihesabu. Upande kwenye kingo za matuta, si katikati ya shamba, na ukipunguza matawi, majani yaache papo hapo.

Haragwe na bakteria wake huitanaje

Mzizi mchanga wa haragwe humwaga kwenye udongo kemikali ambayo rizobia wanaitambua. Nao hujibu kwa kemikali yao, unywele wa mzizi unajikunja na kuwakumbatia, wanaingia kwa njia nyembamba hadi ndani, na baada ya wiki mbili au tatu kinundu kinaonekana kwa macho. Makubaliano haya yana masharti mawili yanayomhusu mkulima moja kwa moja.

La kwanza: mmea ukishiba naitrojeni ya mfuko, haujengi vinundu. Kwa nini ulipe sukari kwa kitu unachokipata bure? Anayemwagia maharagwe urea wiki ya tatu anawafukuza wafanyakazi siku waliyoripoti kazini. Samadi iliyooza vizuri haina ukali huo, na mbolea ya DAP kidogo wakati wa kupanda haidhuru, kwa sababu naitrojeni yake ni ndogo ukilinganisha na fosforasi.

La pili: si kila bakteria anaingia kila mzizi. Wa soya ni kundi lake, bradirizobia. Haragwe si mchaguzi. Hupokea aina nyingi za rizobia, pamoja na wazembe. Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya mazao haya mawili. Katika shamba ambalo halijawahi kulimwa soya, mara nyingi bakteria wa soya hawapo kabisa, na chanjo inaweza kuubadilisha msimu. Katika shamba ambalo maharagwe yamelimwa tangu enzi za babu, bakteria wapo tele, na wale wa paketi wanaingia kwenye foleni ndefu. Wakati mwingine chanjo inaongeza, wakati mwingine huoni kitu. Muuzaji anayekuahidi kwamba maharagwe yako yatazaa mara mbili kwa hakika hajui anachouza, au anakijua vizuri mno.

Maharagwe ya kupanda mti, yale ya mushingiriro yaliyoenea Rwanda tangu miaka ya 1980 kwa kazi ya watafiti wa nchi pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT cha Colombia, hukamata naitrojeni zaidi ya yale mafupi. Sababu ni rahisi: yanakaa shambani muda mrefu zaidi, kwa hiyo vinundu vinafanya kazi wiki nyingi zaidi. Kama ardhi yako ni ndogo, na ya Rubavu ni ndogo, ushauri wangu ni huo: panda marefu, gharamia miti ya kuegemezea.

Kununua chanjo bila kununua vumbi

Chanjo ya mbegu ni unga mweusi au wa kahawia, mara nyingi mboji laini iliyojazwa bakteria hai. Nchini Rwanda kazi hii ina historia: maabara ya ISAR, taasisi ya utafiti wa kilimo, kule Rubona ilitengeneza chanjo miaka mingi kabla taasisi hiyo haijaingizwa kwenye RAB, bodi ya kilimo ya Rwanda. Mradi wa N2Africa, ulioanza 2009 ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, uliifikisha teknolojia hii kwa wakulima wa Rwanda na wa Kivu ya Kusini. Kenya kuna Biofix, inayotengenezwa na kampuni ya MEA ya Nakuru kwa utaalamu uliotoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Uliza kwa afisa kilimo wa sekta yako ni ipi iliyosajiliwa na inayopatikana msimu huu.

Dukani, soma vitu vitatu kabla ya bei. Jina la zao: paketi ya soya haina faida kwenye maharagwe. Kwa soya mara nyingi utakutana na aina ya USDA 110, na kwa maharagwe CIAT 899, ambayo inavumilia joto na udongo wenye tindikali kidogo. Tarehe ya mwisho: hawa ni viumbe hai, na nyingi ya paketi hizi huhesabiwa maisha yake kwa miezi. Tatu, tazama imekaa wapi. Chanjo nzuri ina bakteria karibu bilioni moja kwa kila gramu, lakini ikianikwa kwenye rafu inayopigwa na jua la mchana, au ikisafiri juu ya paa la basi, unabeba mboji ya bei ghali. Mahali pake ni kwenye friji au penye baridi na kivuli. Vimiminika vya chupa vinavyosemwa kuwa vinafaa maharagwe, kuku, na hata choo, mimi naviacha kwenye rafu hadi mtu anionyeshe shamba la majaribio.

Namna ya kuchanja ni kazi ya nusu saa, ila ina usafi wake. Fanya asubuhi ya siku ya kupanda, penye kivuli, wakati udongo una unyevu wa mvua. Tumia beseni ambalo halijawahi kuwekwa dawa. Kwa mbegu kilo moja, changanya maji ya vijiko vichache na sukari kidogo, au gundi ya akasia kama paketi imekuja nayo. Maji yawe ya mvua, au ya bomba yaliyokaa wazi kwenye ndoo usiku kucha ili klorini itoke. Lowanisha mbegu ziwe na unata, zisielee. Kisha nyunyiza unga. Kipimo kimeandikwa kwenye paketi; zipo nyingi ambazo gramu 100 hutosha mbegu za kilo 10 hadi 15. Geuza kwa mkono taratibu hadi kila punje ivae koti jeusi jembamba, usisugue hadi ganda likabanduka. Tandaza kivulini dakika chache, uende shambani.

Mbegu zilizochanjwa hupandwa siku hiyohiyo na kufunikwa mara moja. Mtu mmoja achimbe, mwingine atie na kufukia. Mashimo yakiachwa wazi jua la saa sita linaua bakteria kabla hawajaona mzizi. Kama unatia DAP, iweke chini, funika kwa udongo kidogo, ndipo mbegu ifuate, maana mbolea ya chumvi ikigusana na mbegu yenye chanjo inawaunguza. Mbegu zilizohifadhiwa kwa majivu au kwa unga wa kuua wadudu zipepete na kuzifuta kwanza. Zile zenye rangi ya dawa ya ukungu kutoka kiwandani usizichanje, isipokuwa paketi yenyewe iseme inavumilia.

Wakishaingia, wanakula nini

Hapa ndipo wengi wanapopoteza, na hapa mfuko wa mbolea una kazi. Kukamata naitrojeni kunahitaji nguvu nyingi, na nguvu ndani ya kiumbe hai hupita kwenye fosforasi. Udongo wa volkano una tabia ya ubahili: fosforasi imo, lakini madini yake yameishikilia kwa nguvu. Kwa hiyo maharagwe yenye rizobia bora kabisa yanaweza kubaki na vinundu vidogo vyeupe kwa njaa ya fosforasi. Kama fedha inatosha kitu kimoja, mimi ningenunua DAP kidogo au TSP, mbolea zenye fosforasi, kabla ya chanjo ya maharagwe. Kwa soya mpya ningeanza na chanjo.

Kundi jingine la bakteria linasaidia papo hapo. Wapo wa jamii ya Bacillus na Pseudomonas wanaoishi kuzunguka mizizi bila kuingia ndani, wakimwaga tindikali zinazoachisha fosforasi iliyofungwa. Baadhi yao hutengeneza homoni zinazorefusha mizizi, na baadhi huwabana maadui wa mmea kwa kuwanyima chuma. Hao hakuna haja ya kuwanunua. Walishe: samadi iliyooza, mboji, mabaki ya mazao yaliyoachwa badala ya kuchomwa. Udongo ulioachwa uchi kati ya msimu wa A na B wa mwaka wa kilimo, ukipigwa na mvua ya mteremko, unawapoteza pamoja na tabaka lao.

Mteremko wa mbali na volkano ni habari nyingine. Kuelekea Nyamyumba na milima ya Kongo-Naili, udongo mwingi una tindikali, na rizobia hawapendi pH iliyo chini ya takriban 5.5. Hapo ishwagara, chokaa ya kilimo inayochimbwa humuhumu nchini, inafaa kutangulia. Isambaze na kuichanganya na udongo wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Kipimo kitokane na kupimwa kwa udongo. Chokaa ya kubahatisha nayo huleta matatizo yake. Chokaa pia hufungua molibdenamu, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo mno na ambayo bila hayo mtambo wa naitrojeni hauwaki.

Wakati wa kuvuna, kata shina kwa panga usawa wa ardhi. Desturi ya kung'oa mti mzima, kuupeleka uani, kupukuchua na kuchoma maganda huondoa shambani karibu kila kilichokamatwa. Sehemu kubwa ya naitrojeni imeshaingia kwenye punje, na hiyo ni haki yako. Mizizi, majani na maganda ndivyo vinavyobaki kwa viazi au mahindi yatakayofuata. Kama mbuzi wanakula maganda, samadi yao irudi shamba hilohilo.

Kuhusu mpaka

Usivushe udongo. Wengine husikia kwamba shamba la ndugu upande wa pili lina vinundu vizuri, wakajaza mfuko wa udongo wake ili wauchanganye na wao. Nia ni njema, lakini udongo huohuo hubeba bakteria wa mnyauko wa viazi, ambaye akishaingia shambani hakuna dawa ya kumtoa. Hapa tunajua bakteria mbaya anavyosafiri: kirabiranya, mnyauko wa bakteria wa migomba, ilithibitishwa Uganda mwaka 2001, ikaonekana Masisi upande wa Kongo, na kufikia 2005 ilikuwa Gisenyi, ikisaidiwa na wadudu, mapanga na machipukizi ya mkononi. Chanjo ya paketi iliyofungwa na kusajiliwa ni kitu tofauti. Hata hivyo, ukiinunua nje ya nchi, uliza masharti ya kuiingiza kabla hujafika Grande Barrière, maana pale dirishani siyo mahali pa kuanza kueleza rizobia ni nini.

Jaribio la vipande viwili

Usichanje shamba lote msimu wa kwanza. Pima vipande viwili vinavyofanana, mathalani hatua kumi kwa kumi, vyenye udongo mmoja na mteremko mmoja, vikitenganishwa na mstari mmoja au miwili ya mahindi. Mbegu moja, mbolea moja, siku moja. Anza kupanda kipande kisicho na chanjo, kwa mikono safi na jembe safi, ndipo ushike mbegu zilizochanjwa. Ukifanya kinyume, utahamisha bakteria kwa vidole vyako na vipande vyote viwili vitakuwa vimechanjwa.

Siku ya maua, chimbua mashina matano kila kipande na upasue vinundu kama ulivyofanya mwanzo. Rangi ya majani isikupumbaze. Ukijani wa wiki ya tano huwapendeza wapita njia na haujazi debe. Siku ya mavuno kausha kila kipande peke yake, pima kwa mizani, andika kilo kwenye daftari pamoja na bei ya paketi na bei ya maharagwe sokoni wiki hiyo. Kama kilo za ziada hazikuirudisha bei ya paketi kwa faida ya kutosha, msimu unaofuata fedha hiyo iende kwenye fosforasi, na jaribio lirudiwe kwa soya na chanjo yake, kwenye kipande ambacho hakijawahi kuona soya.